Majadiliano kwa Kiingereza: hasara iko kwenye "yes", "if" na namba

Wengi wanaojiandaa kujadiliana kwa Kiingereza hukimbilia kukariri misamiati mizito. Mara nyingi hasara haitokei huko. Inatokea kwenye maneno ambayo kila mtu anayajua.

Chukua "yes". Tukimsikiliza mtu tumezoea kuitikia "ndiyo, ndiyo", maana yake nakusikia, endelea. Itikia hivyo kwa Kiingereza wakati mwenzako anataja bei, naye anaweza kuhesabu kwamba umekubali. Itikia kwa "I see" au "go on", na "yes" iweke kwa lile unalolikubali kweli. Swali la kukanusha ni baya zaidi. Ukiulizwa "You don't accept this price?" ukajibu "yes" ukiwa na maana ya "ndiyo, siikubali", unaweza kueleweka kinyume kabisa. Jibu kwa sentensi nzima: "We don't accept this price."

Namba nazo zina mitego yake. "Fifteen" na "fifty" hutofautiana kwa mkazo na kwa mwisho wa neno, vitu viwili ambavyo simu yenye mtandao dhaifu huvimeza kwanza. Usiseme "sorry?" tupu, maana mwenzako atarudia sentensi ileile kwa kasi ileile. Uliza palepale penye shaka: "Fifteen, one-five?" Tarehe taja kwa jina la mwezi. 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwa Mwingereza ni Aprili 3. Tena "by Friday" ni kikomo cha kumaliza kazi, ilhali "until Friday" ni muda ambao jambo linaendelea; sisi tunasema "hadi" kote kuwili, ndiyo maana tunazichanganya.

Sasa "if", ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayolipa kuliko zote. Usitoe punguzo bila kudai kitu, na sharti litangulie:

"If you pay 40 percent in advance, we could bring the price down to 18 dollars."

Ukianza na dola 18, msikilizaji anaidaka bei na sharti linapita hewani. Angalia pia "could" badala ya "can" au "will": inaonyesha kwamba ni pendekezo, bado hujafunga mlango. Zikariri sentensi tatu nne za namna hii kwa sauti, si kwa macho, ukibadilisha namba tu. Jirekodi kwenye simu, kisha sikiliza kama unameza mwisho wa maneno.

Ukali wa sauti hauhitajiki, lakini upole wa kupita kiasi nao unagharimu. "I want discount" na "you must" husikika kama amri, "Could you do better on the price?" inatosha. Kwa upande mwingine, kuomba radhi kwa ajili ya Kiingereza chako kabla hata hujataja bei ni kujishusha bure. Acha.

Usichukulie maneno laini kama ahadi. "We'll see what we can do" haimfungi mtu chochote. Uliza hapohapo: "When can you confirm?" Kitenzi "to table" ni kituko cha aina yake: kwa Mwingereza ni kuleta hoja mezani, kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Ukikisikia, uliza kama jambo linajadiliwa sasa au baadaye.

Mkiwa wawili, mmoja aseme na mwingine aandike namba. Kusikiliza, kutafsiri kichwani na kupiga hesabu kwa wakati mmoja kunachosha haraka, na aliyechoka hukubali ili yaishe. Ombeni mapumziko waziwazi: "Could we take ten minutes to discuss this in our own language?" Hakuna utovu wa adabu hapo.

Mkimaliza, tuma barua pepe siku hiyohiyo, ikianza na "Just to confirm what we agreed", kisha mstari mmoja mmoja: bei na sarafu yake, idadi, tarehe, nani analipia usafiri, na yale ambayo bado hayajaamuliwa. Malizia kwa "Please reply to confirm." Asipojibu, mkumbushe kabla hujatuma fedha wala kuanza kazi.