Maswali na Majibu: Kazi Isiyoingia Kwenye Rejista

Barua za safari hii zimetoka kwa wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomrudishia mgonjwa wa kiharusi uwezo wa kujivalisha shati na kumfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kushika kijiko. Karibu zote zinauliza namna ya kuifanya kazi hii bila kumalizwa nayo.

Niko peke yangu katika idara ya hospitali moja ya kaunti. Asubuhi nina kliniki ya watoto, mchana wodi, na ripoti naziandikia nyumbani usiku. Nijipange vipi? – Vihiga

Dada yangu, hakuna ratiba itakayoingiza kazi ya watu wawili katika saa za mtu mmoja, na wanaokuambia ujipange vizuri zaidi wanakutwisha mzigo ambao si wako. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, haliuhesabu uchovu wa kazi kuwa ugonjwa. Linaueleza kuwa ni matokeo ya shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikudhibitiwa. Kwa hiyo chanzo chake kitafutwe kazini kabla ya kutafutwa katika tabia yako.

Sasa tazama rejista yako. Hapa Kenya huduma za afya zilihamishiwa kaunti mwaka 2013, na anayeamua kama idara iongezewe mtu anategemea takwimu zinazomfikia mezani. Ikiwa kila mwezi anaona wagonjwa wote wamehudumiwa na ripoti zote zimekamilika, kwa nini asiamini kwamba mtu mmoja anatosha? Zile saa za usiku hazionekani popote, na kadiri unavyozitoa bila kuziandika ndivyo unavyouondoa mwenyewe ushahidi wa kukuletea mwenzako.

Weka idadi ya miadi unayoweza kuihudumia kwa siku, na utenge muda wa kuandika ripoti ndani ya saa za kazi, kwa maana kuandika ripoti ni kazi. Atakayezidi idadi hiyo aandikwe kwenye orodha ya kusubiri, pamoja na tarehe aliyokuja na tarehe utakayomwona. Kila mwisho wa mwezi mpelekee msimamizi wako barua yenye urefu wa orodha hiyo, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Najua utaniuliza habari ya wagonjwa. Aliyeungua mkono asiwekwe kwenye orodha hata kidogo, kwa sababu asipowekewa mapema splinti, kile kifaa kigumu cha kuushikilia mkono katika mkao unaofaa, kovu litavuta vidole vikunjamane. Vivyo hivyo aliyeshonwa kano za mkono majuzi. Wenye matatizo ya muda mrefu ndio wanaoweza kupangwa kwa nafasi, na watoto wa kliniki mara nyingi huweza kuonwa kwa makundi, mama zao wakijifunza pamoja. Lakini miadi itolewe mapema. Mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka sita na kulipa nauli ya matatu kutoka Luanda asifike mlangoni ndipo aambiwe nafasi zimejaa.

Je, mfanyakazi wa kandarasi ana haki ya likizo? – Wengi, kutoka Busia hadi Nakuru

Anayo. Swali hili linarudi kila mara, na linarudi kwa sababu watu wanatia sahihi karatasi wasizozisoma. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kwa kila miezi 12 mfululizo ya utumishi. Ajira ikikoma baada ya miezi miwili au zaidi, anastahili siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliokamilisha.

Naongeza jambo ambalo hamkuuliza. Sheria hiyo inataka likizo ikigawanywa, sehemu moja iwe angalau wiki mbili za kazi zisizokatizwa, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Wengi wetu huku magharibi tunaimaliza likizo yote kwa matanga, siku mbili hapa, tatu kule, kisha Desemba tunashangaa kwamba hatukupumzika. Kumzika ndugu ni wajibu, na wala si mapumziko. Ombeni zile wiki mbili kwa maandishi, mapema katika mwaka.

Ni kozi gani ya kupunguza msongo unayoipendekeza? – Bungoma

Kwa mtu ambaye hajachukua likizo yake ya mwaka, sipendekezi kozi yoyote.

Wazazi wa watoto ninaowahudumia hunitumia video kwa WhatsApp hata saa tano usiku. Nikinyamaza naona nawaonea. – Kisumu

Huwaonei. Waandikie kwenye kadi ya miadi saa ambazo simu hujibiwa, uwaeleze kwamba dharura hupelekwa hospitalini, kisha uzifuate saa hizo wewe mwenyewe, kwa sababu ukijibu usiku mmoja umeshafuta ulichoandika. Pia chunguza wanauliza nini. Mara nyingi mzazi anauliza usiku jambo ambalo hakulielewa mchana, kwa kuwa alionyeshwa zoezi naye hakupewa nafasi ya kulifanya mbele yako. Mwache amketishe mtoto kwa mikono yake na amlishe ukiwa unatazama, ndipo aondoke. Dakika hizo zitakupunguzia simu nyingi.

Kisha, onyo. Video ya mtoto akitibiwa ni taarifa ya afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka katika kundi la taarifa nyeti. Iko kwenye simu ileile ambayo watoto wako huchezea. Wapo wanaozirusha video hizo katika makundi ya wataalamu kuomba ushauri bila idhini ya mzazi, waache leo.

Ninafanya lokamu, yaani zamu za muda kwa mwajiri mwingine, Jumamosi na Jumapili kwa ajili ya karo. Je, nakosea? – Nakuru

Silaumu mtu anayetafuta karo. Hata hivyo, sheria inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na ukiwa na waajiri wawili, kila mmoja anaamini kwamba siku hiyo uliipata kwa mwenzake. Chagua moja kati ya hizo mbili uipumzike. Soma pia kandarasi yako inasemaje kuhusu kazi za nje, na usifanye kazi kwa leseni ya mtu mwingine hata akiwa rafiki yako.

Niliumia mgongo nikimhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Msimamizi amesema ninywe dawa ya maumivu nirudi kazini. – Kakamega

Andika taarifa ya ajali leo, umpe mwajiri, ubaki na nakala, kisha umwone daktari. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na jeraha ambalo halikuandikwa ni vigumu kulidai baadaye. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi uzito unaoweza kumuumiza. Ukirudi, omba ubao wa kumtelezeshea mgonjwa na mtu wa pili wa kusaidia, na ombi hilo nalo liwe barua.

Mke wangu ni mtaalamu wa fani hii. Hurudi nyumbani kimya, hataki mazungumzo. Nifanye nini aache kuleta kazi nyumbani? – Siaya

Bwana, hukusema akirudi ni nani anayepika, anayeosha watoto na anayesimamia kazi za shule. Katika fani ya mkeo, mgonjwa huanza kwa kuandika siku yake nzima: usingizi, kujitunza, kazi na starehe. Fanyeni hivyo, siku yake na yako kwenye karatasi moja, kisha uhamishe baadhi ya shughuli kutoka upande wake hadi wako. Mpe pia muda wa kukaa kimya afikapo, kwa sababu ameshinda akiwasikiliza watu wenye maumivu. Ikiwa baada ya wiki kadhaa bado hapati usingizi, au amekata tamaa na kila kitu, mwende pamoja kwa mshauri nasaha au daktari, nawe usikae nje kumsubiri.