Sensa inasema petroli haitoshi, plagi zinasema imezidi

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina Toyota Noah ya mwaka 1999, ile yenye injini chini ya viti vya mbele. Nabeba abiria na mizigo, Mwanza–Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sipumziki. Taa ya injini imewaka na gari linabwia mafuta vibaya mno. Fundi alipima sensa ya oksijeni akakuta 0.1 volti, haichezi. Tukafunga nyingine, ikasoma vilevile. Plagi nyeusi tii. Sasa naambiwa nichomoe waya wa sensa niendelee na kazi. Nifanyeje? – Msomaji, Buhongwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue sensa ya tatu.

Sensa hiyo haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikiwa nzima na imepata moto wa kutosha, nyuzijoto 300 na zaidi, volti zake hazitulii: zinapanda karibu na 0.9 petroli ikizidi, zinashuka karibu na 0.1 hewa ikizidi, zinavuka 0.45 kwenda na kurudi muda wote. Ikiganda kwenye 0.1, kompyuta ya injini inaelewa kuwa petroli ni kidogo, inaongeza. Inaongeza tena. Ndipo mafuta yako yanapoishia.

Lakini umenitajia plagi nyeusi, na hapo ndipo pa kuanzia. Petroli ingekuwa pungufu kweli, plagi zingetoka nyeupe-nyeupe. Masizi maana yake imezidi. Siamini kwamba sensa zote mbili zimekufa kwa namna moja. Naamini kuna hewa inayozifikia bila kupita ndani ya injini.

Angalia ekzosi, kuanzia kwenye silinda hedi hadi ilipofungwa sensa. Gasketi ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote) ikiungua, au manifoldi yenyewe ikipata ufa, watu hudhani moshi unatoka tu. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo tundu hilo huvuta hewa ya nje, hasa injini ikinguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta. Oksijeni hiyo ndiyo sensa inayoiona.

Tafuta panapovuja alfajiri, kabla hujaenda stendi. Inua kiti, fungua kifuniko, mwenzako awashe, wewe sikiliza: tiki-tiki-tiki kavu, karibu na manifoldi. Chuma kikipata moto kinatanuka na sauti inapotea, kwa hiyo ukifika gereji saa sita mchana hakuna atakayeisikia. Mulika tochi, tafuta mstari wa masizi kando ya gasketi. Bado una shaka? Paka maji ya sabuni kwenye maungio chuma kikiwa baridi, mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara zito sekunde chache tu. Povu litakuonyesha.

Funga gasketi mpya. Fundi akitaka kupaka silikoni ya kawaida mkatalie: mvuke wake huacha ukoko mweupe kwenye ncha ya sensa na kuiua.

Kama hakuna panapovuja, angalia injini isiwe inamisi. Silinda isiyochoma hutema petroli mbichi pamoja na oksijeni yake yote, na sensa inaona oksijeni peke yake. Na kama mizigo yako ni sangara wa barafu, kagua soketi za waya chini ya sakafu. Magari ya soko la samaki la Mwaloni naanzia hapo kila mara. Maji ya samaki yanachuruzika humo na pini zinaota kutu ya kijani.

Waya wa sensa usiuchomoe. Kompyuta ikiikosa inamwaga petroli kwa kukadiria, na ile ya ziada inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, hadi iharibike.

Gasketi ikishakaa, ondoa waya wa betri dakika chache ili kompyuta isahau iliyojifunza. Pasha injini moto, pima tena kwa mita bila kukata waya. Namba zikianza kupanda na kushuka zenyewe, rudi barabarani.