Nililipa, nikazima, ndo nikajua

Wiki hii mmetuuliza kama kulipia matangazo kwenye mitandao ya kijamii kunailipa biashara au tunawachangia tu wenye mitandao. Mi nasema kuna wanaolipwa na kuna tunaoliwa, na ubaya ni kwamba ukiwa katikati ya tangazo huwezi kujua we uko upande gani mpaka siku utakayolizima.

Nauza mabegi mtandaoni, ya mgongoni na ya mkononi, biashara ya mtu mmoja na simu yake. Mara ya kwanza nalipia nilifanya kama wanavyofanya wengi, posti ilipata laiki kidogo, kale kakitufe ka kubusti, yani kulipia posti ionekane na watu wengi zaidi, kakatokea kananiita, nikabonyeza, wiki nzima. Simu ililia mpaka chaji ikaisha! Laiki juu ya laiki, wafuasi wapya, vimoyo, nikajiona nimeshatoka. Kuja kuhesabu oda, mbili. Na mmoja kati ya hao wawili ni mteja wangu wa siku zote, angenunua hata nisingetangaza.

Nikasema huu ni wizi. Baadae sana ndo nikaelewa hakuna aliyeniibia, nilipewa nilichoomba. Ukichagua lengo la laiki na komenti mtambo unaenda kukutafutia watu wenye mkono mwepesi wa kulaiki, na wapo wengi tu, wanalaiki toka asubuhi mpaka usiku na hawanunui hata kibiriti. Ukichagua mauzo unaletewa watu wengine kabisa na kila mmoja anakugharimu zaidi, picha ni ile ile maneno yale yale. Kwa hiyo anayelalamika "nilibusti sikuuza" namuuliza kwanza, uliomba kuuza?

Alafu watu hawajui kwamba kule hakuna bei ya dukani, ni mnada. Kila mtu anapofungua simu matangazo yanashindanishwa palepale nani aonekane, na kwenye Facebook na Instagram mshindi sio lazima aliyeweka hela nyingi, wanapima pia uwezekano wa huyo mtu kufanya unachotaka na ubora wa tangazo lenyewe. Yani tangazo lako likiwa bovu unanunua watu wale wale kwa bei kubwa kuliko mwenzako mwenye tangazo zuri. Na ikifika mwisho wa mwaka makampuni makubwa yakaingia na bajeti zao mnada unapanda kwa wote, mi miezi hiyo siku hizi nakaa pembeni. Kitu kingine, Meta, wenye Facebook na Instagram, wenyewe wanasema tangazo linahitaji matokeo kama 50 hivi kwa wiki ndo mtambo utulie ujue nani ananunua, sasa we una bajeti ya kuleta oda tano na umeigawanya kwenye matangazo sita, unatwanga maji kwenye kinu.

Tuje kwenye hesabu, hapa ndo pana uchungu. Chukua begi unaliuza 100, weka hela ya nchi yoyote. Limekugharimu 80 mpaka kumfikia mteja, umebaki na 20. Tangazo limekula 25 kwa kila oda. Ukifungua ripoti inakuambia kwa furaha kabisa kwamba kila moja uliyotoa imerudisha nne, na ni kweli, 25 imeleta 100, ila wewe umepoteza 5 kwa kila begi na kadri oda zinavyoongezeka ndo unavyozama huku unapongezwa. Nimeona watu wanaposti skrinishoti za hizo "nne" wakijisifu na stoku inayofuata wanakopa. Ripoti haijui faida yako, inajua mauzo tu.

Kuna wanaoweza kuvumilia hiyo hasara ya mwanzo na wakawa sahihi, anayeuza kitu kinachoisha na mteja anarudi mwezi ujao na mwezi mwingine, huyo oda ya kwanza hata akipata sifuri poa tu. Mi begi langu mtu analibeba miaka mitatu.

Sasa ripoti yenyewe nayo ina ujanja wake. Kwa mpangilio wa kawaida wa Meta mtu akibofya tangazo akanunua ndani ya siku 7 mauzo yanahesabiwa ni ya tangazo, na hata asipobofya, akiliona tu likampitia akanunua ndani ya siku moja, nayo inaandikwa kwao. Yule mteja wangu wa siku zote alishahesabiwa hivyo hivyo. Na toka Apple walipoanza mwaka 2021 kuzilazimisha programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu, sehemu ya hizo namba ni makadirio tu (Meta walisema hiyo ruhusa ingewagharimu kama dola bilioni 10 kwa mwaka 2022, ujue ufuatiliaji ulikuwa na thamani gani).

Ndo maana nasema zima. Mi nilizima wiki tatu, sio wakati wa sikukuu, wiki za kawaida, nikaandika oda kwenye daftari. Zilishuka, ila sio kama ripoti ilivyokuwa inanitisha, karibu nusu ya wale "walioletwa na tangazo" walikuja wenyewe. Wakubwa walishajaribu haya mambo, Procter & Gamble (wale wenye Pampers) mwaka 2017 walipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni kwenye robo moja ya mwaka wakasema biashara haikuguswa sana. eBay, lile soko la mtandaoni, nao walizima matangazo yao, hayo yalikuwa ya kwenye injini za kutafutia kama Google sio mitandao ya kijamii lakini somo ni lile lile, wateja wa mara kwa mara waliendelea kununua kama kawaida, walioguswa na tangazo ni wageni na wanaonunua kwa nadra. Ila usije ukajifananisha na Procter & Gamble ukazima moja kwa moja, wao wanajulikana dunia nzima, wewe je?

Najua kuna atakayeandika kwamba chema chajiuza kibaya chajitembeza. Sawa, ila chema kinajiuza pale kinapoonekana, na huko mitandaoni barabara ni ya mtu. Facebook walianza kuziuzia kurasa nafasi ya posti kuonekana zaidi mwaka 2012, na mwaka 2023 zaidi ya asilimia 97 ya mapato ya Meta yalikuwa matangazo, hapo unategemea wakupitishe bure? Na atakayejibu biashara matangazo naye nusu yake kweli, manake tangazo linaleta mtu mlangoni tu. Picha ina giza, bei hujaweka, mtu kauliza saa 3 usiku unamjibu kesho mchana na "karibu", hiyo hela bora ungekula.

Kwa hiyo mi siku hizi kwanza naposti bure, begi ambalo watu wanaliulizia wenyewe bila kusukumwa ndo nalilipia, lengo naweka ujumbe inboksi, na wateja wa zamani nawaondoa kwenye walengwa, hao nawatumia meseji mwenyewe bure. Tangazo moja, sio sita. Mabegi ya mkononi nilishaacha kuyatangaza, faida yake haibebi mnada, ya mgongoni yanabeba kwa shida shida. Mwezi ujao nazima tena wiki mbili, daftari lipo.