Viatu vya kupendeza kwa miguu yenye baridi yabisi

Baridi yabisi ya miguu hupenda viungo vilivyo chini ya vidole, pale unyayo unapojikunja mtu akipiga hatua. Viungo huvimba, mguu hutanuka kwa mbele, vidole hupinda na kuinuka, na mafuta yanayolinda unyayo husogea na kukonda. Wengi husema ni kama kukanyaga changarawe.

Kwa hiyo kuongeza namba ya kiatu peke yake hakusaidii. Kiatu kikiwa kirefu mno mguu huteleza ndani, vidole vikajikaza kukishikilia, maumivu yakazidi. Tafuta kina na upana wa mbele kwanza. Chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni, usimame juu yake. Mguu ukizidi kingo, kirudishe kiatu hata kama rangi imekuchukua moyo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi, na vidole viweze kuinuka bila kugusa ngozi ya juu. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, na upime yote miwili: kiatu kifuate ule mkubwa.

Pitisha mkono ndani. Mshono mnene juu ya vidole huchubua, na wanaotumia dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe) kwa muda mrefu ngozi yao huwa nyepesi, kidonda hukawia kupona. Kisha binya nyuma ya kisigino: pawe pagumu. Kikunje kiatu: kipinde kwenye vidole tu, si katikati. Raba laini inayojikunja kotekote huonekana ya starehe dukani, lakini inaviachia viungo kazi yote. Maumivu ya mbele yakiwa makali, soli nene isiyopinda, iliyoinuliwa kidogo kwenye ncha ya mbele, husaidia mguu kubingirika bila vidole kukunjwa sana.

Na mchuchumio? Kisigino chembamba kirefu husukuma uzito mahali palepale panapouma. Ukitaka urefu, angalia tofauti ya nyuma na mbele. Soli ya sentimita 4 nyuma na 2 mbele inakupa mwinuko wa 2 tu, na umbo bado la kuvutia. Kama mbele hakuna soli nene, kisigino kipana kisizidi sentimita 3. Viatu vyenye mkanda juu ya mguu huvalika hata na gauni la sherehe, na hukaa vizuri kuliko vile vya kuchomeka tu. Ngozi laini au kitambaa cha kufumwa kinachovutika huficha uvimbe. Ngozi inayong'aa haitanuki. Fundi viatu anaweza kutanua ngozi halisi penye kidole gumba kilichopinda, ila hawezi kuongeza kina.

Vidole vya mikono vikiuma, epuka bizimu ndogo. Chukua mkanda wa kubandika, kamba za mpira, au zipu ya ubavuni uliyoitia pete ya kuishika na kuivuta.

Kitakia cha unyayo, kile kipande laini cha kubandika ndani ya kiatu, watu hukiweka palepale panapouma, na hapo kinazidisha maumivu. Mahali pake ni nyuma kidogo ya viungo, upande wa kisigino.

Kiatu kipya kivae ndani ya nyumba nusu saa, kisha vua utazame ngozi. Wekundu usiopotea baada ya dakika 20 maana yake kinabana, na kwa mguu huu hakitalegea chenyewe. Kirudishe kikiwa bado kisafi.