Rehema, kuhusu ule unahodha wako

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza jikoni, mara ya pili kwenye basi nikienda zamu ya usiku. Unasema kocha mpya amekukalisha benchi mechi nne, huku bado wewe ndiye nahodha wa timu ya netiboli ya ofisini kwenu, na wenzako wameanza kunong'ona. Ukauliza: "Mama, niachie ngazi mwenyewe au nisubiri wanitoe?" Nilipokupigia nilikujibu ovyo, nikakwambia omba Mungu. Mungu tumwombe, sawa, ila hilo halikuwa jibu. Leo sina zamu, kwa hiyo nakuandikia.

Unajua nimekaa huku Ireland, kaunti ya Kilkenny, tangu 2006, na unajua huku hawana habari sana na mpira wa miguu. Wao ni harlingi. Mara ya kwanza kuuona mchezo huu nilidhani wanaume wanapigana. Watu 15 kila upande, kila mmoja ana fimbo ya mti uitwao ash, iliyopanuka mwishoni kama mwiko, wanapiga kimpira cha ngozi chenye mishono iliyotuna. Kimpira kinapita usawa wa masikio ya watu, na miaka ile kuvaa helmeti ilikuwa hiari, sheria ya kuwalazimisha wote ilikuja 2010. Ukiingiza wavuni unapata pointi tatu, ukipitisha juu ya mtambaa wa panya unapata moja. Dakika 70, na hakuna anayelipwa mshahara. Hata shujaa wa taifa Jumatatu anarudi kazini.

Aliyenifundisha kuuelewa ni mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, mkulima wa zamani, miguu imekataa lakini ulimi ulikuwa mzima. Siku ya mechi ilinibidi nimwogeshe mapema na kumwekea kiti mbele ya televisheni, na ole wako upite mbele ya kioo. Yeye ndiye aliyenionyesha viungo wa kati. Huku wanakuwa wawili tu, namba 8 na 9. Mechi inaanza kwa mwamuzi kuutupa mpira katikati yao na wenzao wawili wa upande wa pili, fimbo zinagongana, basi kazi imeanza. Wewe unayecheza senta utaelewa bila mimi kueleza: mabeki wakizidiwa wanakuita, washambuliaji wakikosa mpira wanakulaumu, na siku timu ikicheza vizuri anayesifiwa ni mfungaji.

Mzee alikuwa na kipenzi chake pale kati, kiungo wa timu ya kaunti, James Fitzpatrick, ambaye kaunti nzima inamwita Cha. Anatoka Ballyhale, kijiji kidogo kusini mwa kaunti. Alikuwa mwembamba kuliko wenzake, na kiungo mwenzake, Derek Lyng, ndiye aliyekuwa na mwili wa kugongana na watu. Cha yeye alikuwa na mikono. Mpira ukimfikia unatulia kama umefika kwa mwenyewe, halafu unauona umeshakwenda kwa mtu ambaye hata hujamwona yuko wapi. Walicheza pamoja katikati fainali ya ubingwa wa Ireland ya 2006, ambao kaunti hugombania kila mwaka, Kilkenny ikaifunga Cork na kuizuia kuchukua ubingwa mara ya tatu mfululizo. Wakarudia 2007 dhidi ya Limerick.

Sasa sikiliza jinsi unahodha ulivyokuwa unapatikana, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Kwa utaratibu wa Kilkenny wa miaka ile, kocha hakumchagua nahodha. Klabu iliyokuwa bingwa wa kaunti ndiyo iliyomtoa. Klabu zenyewe ni za vijijini na za parokia. Unachezea ulikozaliwa, wala hakuna cha usajili wala dau. Ballyhale walikuwa mabingwa kuanzia 2006 mpaka 2009, kila mwaka, kwa hiyo unahodha wa kaunti nzima ukawa unazunguka kijijini kwao kama zamu ya mchezo wa upatu. Mwaka 2007 akapewa Henry Shefflin, mchezaji mkubwa kuliko wote wa zama zile. 2008 Cha. 2009 Michael Fennelly. 2010 TJ Reid. Wanne, kijiji kimoja.

Zamu ya Cha iliangukia mwaka mzuri kupita kiasi. Tarehe 7 Septemba 2008, fainali, uwanja wa Croke Park wa Dublin, watu zaidi ya 80,000. Wapinzani ni Waterford, majirani zetu, ambao hawakuwa wamecheza fainali tangu 1963. Huku matokeo huandikwa magoli kwanza, halafu pointi: Kilkenny 3-30, Waterford 1-13. Piga hesabu mwenyewe, ni 39 kwa 16. Mimi kipindi cha pili nilianza kuwaonea huruma Waterford. Mzee hakuwa na huruma hata kidogo. Cha alipopanda jukwaani kulichukua kombe la Liam MacCarthy, lile la bingwa wa Ireland, alikuwa na miaka 23, na mzee akalia mbele yangu, machozi kabisa, akasingizia dawa ya macho.

Ningekuwa natunga hadithi ningeishia hapo. Lakini kocha wa Kilkenny alikuwa Brian Cody, aliyeanza kuifundisha 1998 akaiachia 2022, na Cody hakuwa mtu wa kutazama mtu alishinda nini mwaka jana. Namba ya Cha ikaanza kuwa ya kugombaniwa. Fainali ya 2009 Kilkenny ilichukua ubingwa wa nne mfululizo mbele ya Tipperary. 2010 Tipperary haohao wakaukatisha mlolongo. Wakakutana tena 2011 na Kilkenny ikashinda, 2-17 kwa 1-16, ila viungo walioanza siku ile walikuwa Michael Fennelly na Michael Rice. Fennelly, mtu wa Ballyhale vilevile, ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mwaka. Msimu ule ukaisha, na Cha akaiacha jezi ya kaunti. Hajafika hata miaka 30.

Nakumbuka nilivyokasirika. Nilimwambia mzee: mjinga huyu, anaacha wakati wenzake ndio kwanza wanapevuka! Mzee akaniuliza kama nadhani kombe la 2008 wamelirudisha dukani. Nikanyamaza, nikamalizia kumkata kucha.

Cha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kama Cody mwenyewe alivyokuwa, na akaendelea kuichezea Ballyhale. Hapo ndipo nataka ukae kidogo. Jezi ya kaunti aliivua. Ya kijijini hakuivua. Wewe kwenye sauti yako umechanganya mambo matatu kama ni moja: unahodha, namba uwanjani, na mchezo wenyewe. Nilipokuzuia usiende mazoezini kidato cha pili kwa sababu ya hesabu, ulikuwa ukicheza na ukuta wa choo mpaka jirani akalalamika. Mapenzi hayo ya mchezo, ofisi haikukupa, na huyo kocha hawezi kukunyang'anya.

Kuna mwingine nikwambie, usije ukadhani nakusukuma uondoke. Mwaka 2003, kabla sijafika huku, nahodha wa Kilkenny alikuwa Charlie Carter, mshambuliaji wa klabu ya Gowran. Cody hakuwa akimpanga. Nahodha, anakaa benchi, kama wewe sasa. Katikati ya msimu Carter akaona basi, akaondoka kikosini. Unahodha ukaenda kwa mwenzake wa klabu hiyohiyo, DJ Carey, na Septemba Kilkenny ikaifunga Cork, Carey akalinyanyua kombe. Watu wa hapa bado wanabishana, wengine wanasema Carter alikuwa na haki yake, wengine wanasema angevumilia miezi mitatu tu. Mimi niko upande wake. Ukiwa nahodha na hupangwi, kila siku ya mazoezi ni ya kumeza mate. Ila nikikumbuka lile kombe mikononi mwa mtu mwingine, nasema mh.

Kwa hiyo mama yako anasemaje? Unahodha urudishe. Usisubiri wakutoe, na usiurudishe kwa barua pepe kwa watu wote wala kwa kuandika status. Nenda kwa kocha mwenyewe kabla ya mazoezi, siyo baada, maana baada ya mazoezi utakuwa umechoka na utasema ya moyoni. Mwambie anayecheza ndiye aongoze, na wewe unataka kuigombania namba yako kama wengine. Halafu ukae benchi mpaka msimu uishe. Hapo natofautiana na Carter. Msimu ukiisha kama bado hakuoni, tafuta timu ya mtaani kwenu, nasikia pale karibu na soko wapo wanaocheza Jumamosi.

Na wale wanaonong'ona usiwataje mbele ya kocha hata akikuuliza.

Mzee wangu alifariki zamani, Mungu amweke pema. Binti yake alinipa fimbo yake ya ujanani, imefungwa bati ncha kwa sababu ilipasuka. Iko nyuma ya mlango wa chumbani. Mdogo wako ameniambia kwenye simu anaitaka akafukuzie mbuzi wa jirani, nimemkatalia.

Shangazi yako anasafiri mwezi ujao, nimempa viatu vya mazoezi, namba 39. Kama mguu umekua tena, sema mapema. Nipigie Jumapili, ila siyo mchana wa huku. Kuna mechi.

Mama