Barua kwa mwanangu: Kapteni Standish alikuwa mtoto wa nani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa mjukuu wangu. Sisi hapa Tanga ni wazima.

Umeniuliza kuhusu ile shajara ya ukoo ambayo mjukuu wangu anatakiwa kuipeleka shuleni. Mama mkwe wako anasema babu yao Myles Standish, kapteni wa walowezi wa Kiingereza waliofika Plymouth, Marekani, na meli ya Mayflower mwaka 1620, alikuwa luteni wa Malkia Elizabeth wa Uingereza na mtu wa ukoo mkubwa wa Lancashire, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Shemeji yako anabisha: ati alikuwa askari wa kukodiwa na Waholanzi, na asili yake Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland. Unataka nikuambie nani mkweli.

Uaskari kwanza, maana huo ni mwepesi. Malkia alianza kupeleka majeshi Uholanzi kupigana na Wahispania mwaka 1585. Kuanzia 1598, vikosi vingi vya Waingereza huko vililipwa na Waholanzi wenyewe. Malkia akabaki na ngome chache. Kwa hiyo kijana Mwingereza aliweza kwenda vitani kwa ridhaa ya Malkia na bado akala mshahara wa Mholanzi. Hapo hao wawili wanagombana bure. Ila hicho cheo cha luteni nina shaka nacho. Standish hukadiriwa kuzaliwa karibu 1584, na Malkia alifariki Machi 1603, kapteni akiwa bado kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Hati ya uluteni inatajwa katika vitabu vya karne ya 19, lakini Nathaniel Morton, katibu wa koloni la Plymouth aliyeandika mwaka 1669, anasema tu kwamba ujanani alikwenda Uholanzi akawa askari. Waandike "askari", watosheke.

Nasaba ndiyo yenye utamu. Katika wosia wake wa 1656, Standish alimwachia mwanawe Alexander ardhi za Lancashire, yaani Ormskirk, Burscough, Wrightington, Mawdesley, Newburgh na Croston, pamoja na za Kisiwa cha Man, ardhi ambazo alisema ni haki yake ila alizuiliwa kwa hila. Akaongeza kwamba baba wa babu yake alikuwa ndugu mdogo katika nyumba ya Standish wa Standish, yaani ukoo wa Standish wa kijiji cha Standish. Sasa msome Morton: naye anataja urithi uliozuiliwa kwa hila, na baba wa babu aliyekuwa ndugu mdogo wa nyumba hiyo, karibu neno kwa neno! Mama mkwe wako anawahesabu kuwa mashahidi wawili, lakini ni sauti moja, na mwenye sauti hiyo alikuwa akidai mashamba.

Usiwacheke. Huku Pwani nani asiye na babu wa Shirazi?

Mwaka 1846 wazao wake walimtuma mtu Lancashire kutafuta ushahidi wa ardhi hizo. Akapekua daftari la ubatizo la kanisa la Chorley, mji wa huko Lancashire, na ukurasa wa miaka ile haukusomeka. Ndipo ukazuka uvumi kwamba ulifutwa makusudi ili kumnyima haki yake. Mimi siununui. Chorley ni upande wa tawi jingine, Standish wa Duxbury, na wosia haudai hata shamba moja la huko. Anayetaka kumpata afuate vijiji alivyovitaja mwenyewe. Mtafiti T. C. Porteus alivifuata mwanzoni mwa karne iliyopita, vikamfikisha kwa tawi la Ormskirk. Baadaye G. V. C. Young akashikilia kwamba tawi hilo lilikuwa limehamia Kisiwa cha Man na kapteni akazaliwa huko. Ukiniuliza mimi, damu ni ya Lancashire, kupitia Ormskirk; alipozaliwa paachwe wazi. Shemeji yako asijigambe sana, lakini hakuropoka.

Kwa hiyo mjukuu wangu aanze shajara kwa Myles mwenyewe. Juu yake achore mstari wa nukta nukta na aandike "kwa maneno yake mwenyewe, wosia wa 1656". Mwalimu mwenye akili atampa alama kwa zile nukta.

Lililobaki ni upande wa chini, na huo hamjaugusa kabisa. Muulize mama mkwe wako, kwa adabu, wao wanatokana na mtoto yupi. Uzao wa kapteni unaojulikana unapitia kwa Alexander na Josiah. Akikutajia mwingine, niandikie haraka kabla karatasi haijafika shuleni.

Baba yako