Kobe Bert na bomu la nyuklia

Umeuliza kwa nini watu huzicheka filamu za zamani za usalama ilhali nia yake ilikuwa njema. Nia haina ubaya ndugu yangu, kinachochekesha ni zinavyokaza uso. Itazame Duck and Cover, ya Marekani, 1951, iliyowafundisha watoto wajikinge vipi bomu la nyuklia likilipuka: kobe Bert na kofia yake anaingia gambani kwa sababu tumbili kamning'inizia fataki. Baadaye familia iko pikniki, wanajifunika kitambaa cha meza. Bomu la nyuklia hilo! Na msimulizi hatetereki hata kidogo. (Kujikinga na vipande vya vioo vinavyorushwa na mlipuko kulikuwa na mantiki, tuwe wakweli.) Ndiyo maana The Atomic Cafe, filamu ya hali halisi ya 1982, haikuhitaji msimulizi, watengenezaji wake waliunganisha vipande vya filamu za zamani kama hizi tu, vikajichekesha vyenyewe.